Siku Niliyogawa Kuku kwa Hoteli ya Wahindi

Chekeni tu, nimeshazoea, maana tangu nijiaibishe pale Thika mchana kweupe hakuna mtu wa kwetu Ruiru hajanicheka. Mchumba wangu Njoroge alikuwa ananitambulisha kwa mamake mara ya kwanza, yaani mama ametoka Ngoliba na skafu mpya kuja kuniangalia kama nafaa (na mimi nilikuwa nataka kufaa, mbaya sana), nikajifanya mjuaji, nikasema twende bafe ya Wahindi, nyama choma ni ya kila mtu.

Sasa mnajua vile tumelelewa. Kwa harusi zetu chakula hakijipakui, lazima wamama wasimame nyuma ya sufuria, na yule wa nyama ndiye mkubwa wao, anaweka kipande kimoja kimoja ili iwatoshe watu. Kufika pale naona vyakula vimepangwa na hakuna mtu nyuma, nikajiambia hapa ndipo mama ataona ameletewa mke. Nikazunguka, nikashika kijiko cha kuku, nikampakulia vizuri, akaenda kukaa na Njoroge. Kuinua macho, laini imefika mlangoni, kila mtu ameninyooshea sahani!

Ningesema mimi si wa hapa. Wapi! Haya zilinishika, nikaendelea, na mkono wenyewe ukaanza mambo ya kwetu.

"Madam, kimoja? Si tumelipia kula mpaka tushibe?" akauliza jamaa mmoja wa tai.

"Na wenye hawajakula?" nikamjibu, tena kwa ukali.

Mwingine akarudi kulalamika kuku haina chumvi na wali umepoa (na ni kweli, chakula chenyewe kilikuwa cha hivyo hivyo tu), nami nikamwambia pole, nitawaeleza jikoni. Hapo mwenye hoteli akatokea.

"Mama, nani amekuandika kazi hapa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Ngai! Nilitaka kulia. Njoroge alikuwa amefunika uso kwa mikono, nikajua harusi imeisha kabla ya kuanza. Kisha nikaona mama anainuka, anawapita watu wote kwa laini na sahani yake.

"Msichana wangu, niongeze," akasema kwa sauti hoteli nzima isikie. "Na usiniwekee kimoja kama hawa, mimi ndiyo shosho ya watoto wako."

Nikamwekea vinne, mwenye hoteli akitazama. Lakini bafe, wacha niwaambie, siwezi tena. Siku hizi nikialikwa mahali nakalia mikono yangu mpaka mtu aniletee sahani.