Siku Niliyojifanya Fukara Mbele ya Baraza la Kata

Chekeni tu, mie mwenyewe nimeshajicheka, maana aibu ya pale baraza la usuluhishi la kata sikutafutiwa na adui, niliitengeneza kwa mikono yangu. Mama Zuhura alikuwa anadai talaka na matunzo, na mie, kwa akili yangu kubwa ya darasa la pili, nikaona nikienda nimechakaa wazee watanihurumia, basi nikaazima shati la kuli wangu wa sokoni Mabibo (jasho la mikungu ya ndizi limo humo toka enzi), nikavaa yeboyebo za msalani, gari nikaliacha mbali, nikaingia najikokota.

Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Mzee wangu, utaweza kumpa nini mwenzio kila mwezi?"

Nikakohoa kwanza. "Mwanangu, mie mgonjwa, biashara imekufa. Labda unga na mafuta ya taa." (Mafuta ya taa, na nyumba ina umeme.)

Wazee wakaguna kwa huruma. Nikajua nimeshinda.

Mama Zuhura hakubisha. Angebisha ningepona. Akajitanda kanga yake vizuri, akasema taratibu, "Jamani, msimsumbue baba Zuhura, hajawahi kuwa na kitu. Hata nyumba tunayokaa kaka zangu walimchangia. Mie ndiyo nitakuwa namletea mchele, si vizuri mtu mzima akaombe."

Waliokuwa wanasubiri zamu kwenye benchi wakaangua kicheko. Nichangiwe mie? Mie niliyebeba mikungu mpaka bega likaota sugu? Nikasimama na yeboyebo zangu.

"Nani akaombe? Nyumba ya kule Wazo tunayokaa nani kajenga? Ile ya Kinondoni yenye wapangaji je? Malori yanayoleta ndizi ni ya kaka zako?" Na hakuna aliyeniuliza, lakini nikataja mpaka kiwanja ambacho mama Zuhura mwenyewe alikuwa hakijui.

Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Hicho kiwanja kiko wapi, mzee?"

Na mie, bingwa, nikamwelekeza mpaka njia ya kufikia.

Ningekataaje tena? Leo kodi ya wapangaji wa Kinondoni anakula mama Zuhura, nimekubali kwa dole gumba mbele ya benchi lile lile. Siapi kuacha uongo, uongo nauweza. Naapa sitamdanganya tena mtu aliyenipikia miaka yote hiyo, halafu nikadhani hanijui.