Kanga Mfukoni, Punda Nyuma Yangu

Naona haya hata kuandika, lakini wenyeji wa Baleni wameshaihadithia mpaka Bweni, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Mimi shule niliiacha mapema nikawa mtu wa kwenda ninakosikia kuna jambo, na wakati ule nilikuwa Baleni nikiangua nazi za watu. Pale kulikuwa na umoja wa wenye punda, ulioanzishwa na Bi Saada kutetea njia yao ya kale, ile wanayopita wamepanda punda au wamewabebesha nazi na mihogo kwenda Kilindoni, maana mwenye shamba mpya alitaka kuizungushia uzio. Hilo nililielewa. Nisilolielewa ni jinsi umoja ulivyokuwa unanenepa: fundi cherehani kajiunga, muuza maandazi na mumewe wamejiunga, watu wasiomiliki hata kuku. Nikajiambia, hapa kuna ardhi inagawanywa kimyakimya.

Basi asubuhi moja nikakuta vitambaa vimefungwa kwenye minazi, na mimi nimeshaona kwingine alama zikitangulia na watu wakihamishwa baadaye, nikafungua kimoja nikitazame tu, kisha cha pili nikilinganishe, nikaendelea hivyo mpaka mwisho wa shamba, nikavifunganisha kimoja kwa kingine (sijui kwa nini, mikono yangu haitulii) nikavisokomeza mfukoni juu ya makopa yangu ya mihogo.

Mchana akaja afisa ardhi kukagua njia. Wanachama wote walikuwepo na punda wao. Bi Saada akatangulia kwa madaha, akafika minazini, akasimama.

"Alama zetu ziko wapi?"

"Bibi, mimi naona majani tu," afisa akasema. "Nikirudi nitasema njia haipo."

Hapo ilinipasa niseme. Nikajificha nyuma ya punda wa Bi Saada, punda akageuza shingo, akanusa makopa, akauma ncha ya kitambaa, akavuta. Kikatoka cha kijani, kikafuatwa na cha njano, na cha maua, punda anavuta kwake na mimi navuta kwangu, watu wote wanatutazama.

Mume wa muuza maandazi akashika kimoja. "Hii kanga ya mke wangu."

"Na hii ya wangu," fundi akasema. "Kaka, inafanya nini mfukoni mwako?"

"Tena kazifunga pamoja," mwanachama mwingine akadakia. "Huyu anaweka kumbukumbu."

Bi Saada, aliyezichana kanga zile na wanawake wenzake alfajiri, alishaelewa kila kitu, lakini akakunja mikono. "Wajibu wenzio, baba."

Mimi niliyewashuku wote sasa nashukiwa mimi, na njia ya kutokea ilikuwa moja tu: kukiri nimevitoa minazini.

"Minazi ipi?" afisa akauliza.

Nikawaongoza, mnazi hadi mnazi, nafunga, na mume wa muuza maandazi nyuma yangu: "Kaza vizuri, mume mwenzangu." Tulipofika mwisho afisa akageuka. Kwato za punda wote wale zilikuwa zimelaza majani.

"Njia naiona," akasema.

Nikamuuliza Bi Saada wasio na punda wanatafuta nini umojani.

"Nazi zao nani anawabebea? Ungeuliza jana."

Nimejiunga, na punda sina. Nimeapa kuuliza kabla ya kugusa, ila mikono yangu naijua, kwa hiyo nilimpelekea fundi suruali zangu zote anizibie mifuko kwa uzi. Aliishona bila kuuliza kwa nini.