Wanawake Wawili wa Barazani

Aibu hii nimeificha vya kutosha, kwa hiyo chekeni tu, lakini mjue kwamba usiku wa kuamkia ibada ya kufungua nyumba ya Mzee Ouma sikupata usingizi, nikijiuliza jambo moja: mtu akiniuliza maana ya zile nguzo, niseme ukweli au ninyamaze?

Nguzo zilikuwa mbili, barazani kwake Milimani, kila moja umbo la mwanamke aliyebeba paa kichwani. Mzee aliona za namna hiyo safarini akazipenda, na bosi wangu akanipa mimi nizichore (nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, na alishaniambia Mzee akiridhika naajiriwa, asiporidhika nirudi kijijini kwetu Pap Onditi na digrii yangu nikachunge mbuzi).

Mke wa Mzee, Mama Achieng, alikuwa kazini Kombewa muda wote wa ujenzi, hivyo siku ya ibada ndiyo aliziona mara ya kwanza, akiwa na kinamama wa kanisa nyuma yake. Akasimama, akazitazama moja baada ya nyingine.

"Injinia," akaniita (huku kwetu ukishika ramani tu wewe ni injinia), "kwa hii nyumba mke ni mimi peke yangu. Huyu wa pili ni nani?"

Kinamama wakaguna, Mzee akaanza kukohoa. Hapo ningesema ni urembo na mambo yangeisha, lakini mimi nikishikwa na wasiwasi hufundisha. Nikamweleza kwamba hawa si wake wa mtu, nguzo za namna hii huitwa kariatidi, neno la Kigiriki, yaani wanawake wa Karyai, mji ambao inasimuliwa uliungana na adui vitani, Wagiriki wenzao wakawaua wanaume na kuwafanya wake zao watumwa, kisha wajenzi wakawachonga wakibeba mizigo ili adhabu yao isiishe.

Mama mmoja akaitua polepole sufuria ya wali aliyokuwa ameibeba kichwani.

"Baba Achieng," Mama Achieng akamwambia mumewe, "kumbe umeniwekea watumwa mlangoni, ndio nijue kazi yangu."

Nikakimbilia kurekebisha. Nikasema wataalamu wengi hawaiamini hadithi hiyo, wengine husema jina lilitokana na wasichana wa mji huohuo waliokuwa wakimchezea ngoma mungu wao wa kike, na nilipotamka mungu wa kike, pasta, aliyekuwa ameshafungua Biblia, akaifunga. Alisema hawezi kubariki mlango wenye ibada nyingine. Mzee akaamuru zing'olewe papo hapo, nami (sijui nani alinituma) nikaeleza kwamba paa lote la baraza limekaa juu ya vile vichwa, zikitoka linatuangukia. Pasta ndiye aliyetangulia kukimbilia nyasini.

Tuliomba juani. Zile nguzo zilifungwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na zilipovaa leso ndipo zikafanana kabisa na wake wa mtu. Mama Achieng hakuziondolea macho mpaka amina ya mwisho.

Bosi hakunifukuza, alirefusha majaribio, akanituma kwa mteja mwingine, mama mmoja mpole aliyetaka nguzo zenye majani yaliyochongwa juu. Akaniuliza majani hayo yana maana gani. Asili yake naijua: husimuliwa kwamba mchongaji aliona kikapu kilichoachwa juu ya kaburi la msichana, mmea umeota ukakizunguka. 

"Ni majani, Mama," nikasema, nikamfungulia ramani ya jikoni.