Nyumba Walizoziita Takataka

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakamiminika Mbinga, mji wetu ulianza kujionea haya. Nilikuwa fundi muashi, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na haya hiyo ilinilisha vizuri.

Karibu na soko kulikuwa na safu ya nyumba saba za matofali ya kuchoma, kuta nene, baraza pana mbele. Zilijengwa na wafanyabiashara ambao wazee wao walitoka pwani. Kwa baridi yetu, nyumba zile zilitunza joto. Mvua ikinyesha, hata mkulima aliyeshuka milimani na gunia lake la mahindi alijisitiri barazani, wala hakuulizwa ananunua nini.

Mnunuzi mmoja wa kahawa alinunua mbili. Alivaa suti, na miwani ya jua hata siku za ukungu. Kahawa aliijua ikiwa ndani ya gunia tu. Ungemwonyesha mti wa kahawa umechanua angeuliza ni ua gani.

"Fundi, bomoa takataka hizi," aliniambia.

Nikabomoa. Milango ya mninga, ambayo leo hupati mti wake, tuliipasua kuni. Mahali pa nyumba zile alitaka nyumba ya vioo vyeusi na nguzo nne nene zisizobeba kitu. Mchanga wa lipu aliuagiza kwa lori kutoka ufukweni Mbamba Bay, kwa sababu ulikuwa mweupe. Nilimweleza kwamba mchanga ule ni laini mno, saruji haitaushika. Akacheka.

"Kwani wewe umesoma wapi?"

Nikapiga lipu niliyojua haitamaliza masika mawili.

Haukupita muda, afisa mmoja wa majengo, bingwa wa kutembea na faili lisilofunguliwa kwapani, akatangaza kwamba nyumba tano zilizobaki ni chakavu na za hatari. Zivunjwe, baraza na kuta, mji uende na wakati. Kila mtu sokoni alijua nani aliyevitaka viwanja vile. Afisa akanichukua mimi, tukaanze na nyumba ya mjane mmoja aliyeuza khanga na mafuta ya taa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kubomoa?"

"Nimetumwa, mama."

"Haya. Lakini wewe ni fundi. Niambie kwanza, nyumba yangu ina ubaya gani?"

Afisa alinidakia. "Mama, nguzo hizi za baraza ni udongo mtupu. Mtu akizisukuma zinaanguka."

"Basi zisukume, baba."

Watu walikwisha kukusanyika. Afisa akatazama viatu vyake vilivyong'aa, kisha akanigeukia. "Fundi, piga!"

Nikashika mtaimbo, nikapiga. Ganda la chokaa likadondoka. Chini yake tofali lilikuwa jekundu, limeiva barabara, na kila pigo liliumiza viganja vyangu kuliko lilivyoumiza nguzo. Nilipiga mpaka jasho likanitoka. Halafu nikaweka mtaimbo chini.

"Nguzo ni nzima," nikasema. "Kilichooza ni bati la mbele na boriti mbili."

"Nani amekuuliza?"

"Si umenileta kama fundi?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa akaapa kwamba sitapata kazi tena mjini, akaondoka na faili lake. Kwa kazi za ofisi yake, alitimiza. Lakini kesho yake mjane aliniita nibadilishe boriti na bati, na majirani wawili wakafuata. Wengine wawili waliogopa, wakauza, nyumba zao zikavunjwa na mafundi wengine.

Bei ya kahawa ilipoanguka, mnunuzi alitoweka hata wapagazi wake hawakuagwa. Lipu ilibanduka kama nilivyojua, vioo vikavunjwa, mbuzi wakalala ndani. Afisa alihamishwa, nasikia kwa kupandishwa cheo. Sijashangaa.

Tatu zilizopona bado zinakaliwa. Mjane alifia nyumbani kwake, na binti yake amepangisha vyumba kwa walimu. Siku hizi vijana wa ofisi ile ile ya majengo huja kunipongeza kwamba niliokoa mtaa, huku wakizipiga picha. Siwapendi. Na mimi mwenyewe, nikifikia hapo, sijipendi sana pia: mbili za kwanza nilizivunja kwa mikono yangu, nikijua kabisa ubora wa nilichokuwa nakivunja.