Na Wewe Utafanya Nini?

Siku yangu ya kwanza kazini, bendera mpya ya nchi ilikuwa ingali na mikunjo ya sandukuni. Nilivuka ua wa shule kule Msambweni, chaki mfukoni, kila kitu nikikiona kama kupitia ukungu. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu ya mbata, nazi kavu zilizoanikwa nyuma ya darasa.

Mwalimu Mkuu, mtu wa bara aliyenyooka kama rula, alikuwa na desturi yake. Matokeo yakitoka, kila aliyeanguka aliitwa ofisini aeleze sababu, na jibu lake ndilo lililoamua kama atarudia darasa au atabaki nyumbani. Watoto wa maofisa kutoka bara walisema, "Sikusoma vya kutosha." Waliotoka upande wa Kinango walisema koma, yaani mizimu ya wazee wao, wamekasirika. Wetu wa pwani walisema ni majaaliwa. Mkuu aliwapenda wale wa kwanza tu.

Mwaka mmoja akaanguka Mwanasha, binti wa mshona makuti, mtoto mtulivu niliyempenda mno.

"Kwa nini umeanguka?" Mkuu alimuuliza, nami mwalimu wa darasa lake nimesimama kando.

"Mwenyezi Mungu hakunijaalia, mwalimu."

Mkuu akanigeukia. "Huyu hajali. Na akaolewe."

Nikasogea mezani. "Mzee, muhula uliopita alipokuwa wa kwanza alisema vivi hivi, kwamba ni Mungu aliyemjaalia. Kwetu kujisifu ni aibu. Niruhusu nimuulize mimi."

"Haya, uliza."

"Mwanangu, Mungu akikujaalia mwaka mwingine, na wewe utafanya nini?"

Alitazama dirishani. "Nitarudia hesabu za sehemu kila nikishaswali alfajiri. Ndizo zilizonishinda. Tena naomba nikae mbele, ubao siuoni vyema."

Mkuu akavua miwani yake, akaifuta polepole. "Arudie darasa," alisema. "Akae mbele."

Swali lile nilihama nalo hadi Kinango, kisha Kombani. Koma wakishatulia, na wewe utafanya nini? Watoto walicheka, halafu wakajibu, na majibu yao yalikuwa mazuri.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, walimu vijana waliniuliza niliwezaje kuwalea wanafunzi wengi hivyo.

"Ni Mungu tu," nikasema.

Mwanamke mmoja mwenye miwani minene, aliyeketi mstari wa mbele, akatabasamu. Alikuwa Mwanasha, siku hizi mwalimu mkuu. "Alhamdulillahi. Na wewe, mwalimu, ulifanya nini?"

Nilitazama dirishani.

"Niliuliza mara ya pili," nikamjibu.