Mto wa Misimu Minne

Nyumba ya Babu kule mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni tunakoishi, ilinukia karatasi kuukuu na karafuu, maana kila droo ya kabati lake aliitia karafuu kufukuza wadudu. Humo ndimo alimohifadhi picha zake za chapa za zamani kutoka Ufaransa: mashamba, madaraja, miti mirefu kando ya njia. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kujificha nyuma ya mama, lakini kwa Babu nilijiona mtu. "Bibie, mikono umenawa?" huuliza, kisha ananiambia nifumbe macho nipapase ukingo wa picha. Pakibonyea, ilichapwa kwa bamba la shaba. Pakiwa tambarare, ilichapwa kwa jiwe. Nikikosea ananiambia, "Basi leo chai huipati."

Alizozipenda kuliko zote zilikuwa nne za jiwe, mto mmoja katika misimu minne. Alizitafuta mojamoja kwa miaka mingi, akaapa hazitatengana tena.

Majira yale ya baridi miguu ya Babu ilishindwa na ngazi za nyumba yake, ikabidi ahamie kwetu, mtaa wa Malvern, alale chumba kimoja na kaka yangu. Picha zikakosa pa kukaa. "Chagua moja kabla sijaziuza," akaniambia. Mimi ambaye hata darasani nilikuwa sinyooshi mkono, nikanyoosha kidole papo hapo: mto wenye theluji. Babu akazitazama zile tatu zilizobaki, akaifunga kwenye karatasi safi, akanipa.

Mama mmoja mwenye duka la picha alipokuja kununua, aliziona tatu za mto akaulizia ya nne. Zingekuwa nne, alisema, angetafuta mtu wa kuzichukua pamoja; hizi tatu ataziuza mojamoja. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nikaleta yangu, nikaiweka mezani.

Babu akanirudishia. "Hiyo ina mwenyewe," akamwambia yule mama, akicheka. "Tena mkali, usimchokoze."

Zile tatu zikaondoka.

Sasa nina miaka kumi na sita, na picha yangu ya mto iko ukutani. Wakati ule nililala nimeikumbatia kwa furaha. Siku hizi naigeuzia mgongo ndipo usingizi uje. Juzi nilimwambia Babu, kwa Kiswahili changu cha kukwamakwama, kwamba nazitafuta zile tatu mtandaoni.

Alikuwa anamenya chungwa. "Tafuta tu," akasema. Akamenya hadi mwisho, akanikatia nusu. "Ila ukiiona moja imetundikwa kwa watu, usiniambie."