Vitabu vya Nyimbo vya Baba Mkwe

Nilitoka Vwawa kwenda kuolewa Tunduma mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mnyiha niliyejua salamu tu za Kinamwanga. Kwa desturi ya nyumba ile, mkamwana hakai pamoja na baba mkwe wala hamtazami usoni. Tuliishi ua mmoja, lakini nilikifahamu kikohozi chake kuliko sura yake. Nikiwa na ujumbe, niliupitisha kwa mama mkwe.

Mzee alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa tangu ujana. Alipoanza kuumwa miguu, mama aliniletea kikapu cha vitabu vyembamba vya nyimbo za Kinamwanga, vilivyochapwa zamani na ambavyo havikuchapwa tena. Pini zilikuwa zimeota kutu na kuila karatasi.

"Baba yenu amesikia ulifundishwa kushona vitabu," akasema. "Anauliza kama hivi vitapona."

Ni kweli, mkutubi wa chuo cha ualimu alikuwa amenifundisha. Nilizitoa pini kwa ncha ya kisu, taratibu, maana ukivuta kwa pupa karatasi inakuja nayo. Mikunjo iliyochanika niliibandika karatasi nyepesi kwa gundi ya unga wa ngano, nikaikandamiza chini ya jiwe la kusagia hadi ikauke. Kisha nikatoboa mkunjo kwa sindano na kupitisha uzi nilioupaka nta ya nyuki. Shemeji alikuwa ametangulia kukibandika kimoja kwa utepe wa plastiki wa dukani. Ulishakuwa wa njano na mgumu kama gamba, nami nikahangaika nao siku nzima.

Kitabu cha nyimbo za mavuno kilibaki kimoja tu, na karatasi yake ya katikati haikuwepo. Nikamwambia mama.

Kesho yake asubuhi nikasikia kigoda kikiwekwa nje, chini ya dirisha langu.

"Mwambie achukue kalamu," sauti ya mzee ikasema.

Mama akaketi mlangoni, mahali ambapo alituona sote wawili. Mzee akaanza kuimba, sauti ikikwaruza lakini haikupotea njia. Niliandika kwa kufuata sikio, maneno mengi nisiyoyaelewa, hadi akaniacha nyuma.

"Mwambie asichoke," akasema.

"Anakusikia," mama akamjibu. "Mwambie mwenyewe, mimi nimechoka kuwa barabara ya maneno yenu."

Nikasikia kigoda kikisogezwa karibu zaidi na dirisha.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "nimekwenda haraka?"

"Ndiyo, baba. Naomba urudie ubeti wa pili."

Akarudia, neno baada ya neno. Nilipomsomea nilichoandika, Kinyiha changu kikajitokeza katika kila silabi, na mzee akacheka hadi akakohoa. Mama naye akacheka, akanisahihisha, tukaendelea hadi jua likafika kichwani.

Nikaishona karatasi ile mahali pake. Jumapili kwaya iliimba wimbo mzima, na baada ya ibada ndugu zao wa upande wa Zambia wakaniuliza kama ningewashonea na vitabu vya kwao. Nilivishona kiangazi chote.

Desturi haikuvunjwa, sikukaa naye wala kumtazama. Ila tangu hapo, kila asubuhi alipopita nje ya dirisha alipunguza mwendo.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, baba. Miguu je?"

"Inanibeba," alijibu, kisha akaenda zake kuota jua.